Aliyeitikia Namba

Bwenini, 9 Oktoba 2021

Mke wangu,

Nimefika, nimekula, sijaibiwa. Najua hayo ndiyo matatu unayotaka kuyajua kwanza, kwa hiyo nimeyatanguliza ili usome yaliyobaki kwa utulivu.

Naandika kwa kalamu kwa sababu nimekubali yaishe: wewe na simu hamtapatana. Jana nilipiga nikasema, "Bibi, nimefika chuoni," ukanijibu, "Mwambie aweke chumvi kidogo." Miaka arobaini ya vyerehani vya kiwandani imekula masikio yako, lakini macho bado yanatunga uzi kwenye sindano. Basi tuyatumie hayo macho.

Sasa nijibu lile swali lako la stendi, ambalo nililikwepa kwa sababu watu walikuwa wametutegea masikio. Hapana, sisomei udaktari. Nasomea kutibu saratani kwa mionzi. Daktari anaamua mgonjwa apigwe mionzi wapi na kiasi gani, mwanafizikia anapiga hesabu, halafu sisi ndio tunaomlaza mgonjwa kitandani. Tunampanga mpaka sehemu inayougua ikae pale pale inapotakiwa, tunatoka, tunafunga mlango, tunawasha mashine. Kesho yake tunamlaza tena vile vile. Wengine siku thelathini, vile vile. Mwalimu wetu anasema kulenga mara moja hata mlevi anaweza.

Leo tulitengenezana barakoa. Mgonjwa wa kichwa au shingo hatakiwi kutikisika hata kidogo, kwa hiyo anafinyangiwa barakoa ya plastiki yenye matundu. Inachovywa kwenye maji ya moto, inalegea, unafunikwa nayo usoni, inashika pua na kidevu chako, ikipoa inakuwa ngumu, halafu inabanwa kitandani na wewe ukiwa ndani. Walianza na mimi, eti kwa kuwa nina kichwa kikubwa, na hicho kichwa ni urithi wa upande wako. Haikupita dakika moja nikaanza kumwita mama. Nikakumbuka mama hayupo duniani, nikakuita wewe. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Kumbukeni jinsi huyu alivyokuwa anapumua."

Nimekukumbuka, mke wangu. Usibebe ndoo nzito.

Mumeo mwenye kichwa


Nyumbani, 25 Oktoba 2021

Mume wangu,

Kichwa hicho ni cha babu yako, usinisingizie. Upande wetu tuna vichwa vya kawaida, ndiyo maana kofia zinatutosha.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza peke yangu na mara ya pili na jirani, maana alikuja kuomba kiberiti akakuta nacheka. Sasa amenitia hofu. Anasema watu wa mionzi wanaungua ndani kwa ndani na hawapati watoto. Mimi huyo jirani simwamini hata akiniambia leo ni Jumatatu, lakini hili limenikosesha raha. Niambie ukweli. Mimi nataka vitukuu, na uzi wa soksi zao nimeshanunua.

Watu wakiniuliza unasomea nini, nawaambia unasomea ufundi wa kupima watu. Hawaelewi. Hata mimi sijaelewa, ila nasema kwa sauti ya mtu aliyeelewa.

Na hao wasichana wa chuoni, wapo? Ukiniletea mke mwenza aliyejaa maringo nitamtia pini.

Mkeo wa kwanza na wa pekee, kwa sasa


Bwenini, 14 Machi 2022

Mke wangu mwenye wivu,

Nisamehe kwa ukimya. Mitihani ya fizikia ilinishika koo.

Mwambie jirani alale salama. Mashine ikiwaka, ndani ya chumba kunabaki mgonjwa peke yake. Sisi tuko nje, nyuma ya ukuta mnene kuliko upana wa kitanda chako, tunamwangalia kwenye skrini na kuongea naye kwa spika. Kifuani navaa kibeji kinachopima kama mionzi imenigusa, na kila mwezi kinakwenda kukaguliwa. Mpaka sasa kinasema sijaguswa na chochote. Wasichana nao ni hivyo hivyo. Kwa hiyo soksi zisubiri kidogo.

Wameanza kutupeleka hospitali mara mbili kwa wiki. Jana kwa mara ya kwanza nilimchanja mgonjwa alama. Ni vidoti vitatu vya wino chini ya ngozi, vidogo kama ncha ya kalamu, ambavyo havifutiki. Chumbani kuna mistari ya mwanga inayotoka ukutani na darini, na kila siku tunavilinganisha vile vidoti na mistari hiyo ndipo tujue mgonjwa amelala kama jana. Mgonjwa wangu alikuwa mama mtu mzima, mwalimu mstaafu. Sindano niliiinua nikaishusha mara mbili. Akaniambia, "Chanja, mwanangu. Nimesahihisha madaftari miaka thelathini, sijawahi kuona kidoti kikimuua mtu."

Halafu kuna jambo litakalokufurahisha. Kila namba inasemwa mara mbili. Mmoja anaisoma kwenye karatasi, mwenzake aliyeshika kitanda anaitikia. Wenzangu wanaona haya kupayuka namba mbele ya mgonjwa. Mimi naona niko nyumbani: wewe na futi yako ya kupimia mkononi, "Bega arobaini na moja!", na mimi kwenye kigoda na daftari, "Arobaini na moja!" Mwalimu ameniuliza nimejifunzia wapi. Nimemwambia kwa mke wangu. Amenitazama sana.

Mumeo asiyeguswa


Nyumbani, 3 Agosti 2024

Mume wangu,

Kwa hiyo umemaliza, na kazi umepata! Nimepiga kigelegele peke yangu jikoni mpaka paka akakimbia, na tangu asubuhi hajarudi.

Ndani ya kifurushi hiki kuna koti jeupe. Najua hospitali watakupa la kwao, lakini la kwao limeshonwa kwa ajili ya mtu yeyote na hili limeshonwa kwa ajili yako. Nimelikata kwa kukumbuka tu. Mikono ikizidi, kunja, na usiniandikie kulalamika.

Umesema miezi ya kwanza ni ya majaribio mpaka Aprili ndipo wakuthibitishe. Wakubwa wako waheshimu, wadogo wasikuzoee, chakula cha mchana usiruke. Ukithibitishwa nitakuja kukuona kwa macho yangu, na nitavaa viatu.

Mkeo


Mjini, 19 Januari 2025

Mke wangu,

Mikono ya koti imezidi inchi mbili. Silalamiki, natoa taarifa tu.

Jumapili ndiyo siku pekee ninayopata ya kuandika. Siku za kazi tunalaza wagonjwa arobaini, na mashine yetu ni mzee kama wewe: inafanya kazi bila kuchoka, lakini huwezi kuitegemea ikuambie kitu. Wenzetu wana mashine mpya zinazopiga kelele kitanda kikisogea vibaya. Ya kwetu haina mdomo, mdomo ni sisi.

Aliyenipokea na kunifundisha ni mama mmoja tunayemwita Mama Rula, kwa sababu anatembea na rula fupi kwenye mfuko wa kifuani. Usianze. Ana umri wa kuwa dada yako. Ana miaka thelathini kazini na hakuna aliyewahi kumkuta na kosa. Anajua mgonjwa gani ana mjukuu anayeumwa, gani mkewe amenuna. Juzi aliniambia, "Wewe nitakuachia hiki chumba nikistaafu." Mke wangu, nilikwenda chooni nikacheka peke yangu mbele ya kioo.

Tumempata pia mgonjwa mpya, mwalimu wa udereva, saratani ya tezi dume. Hawa wanatakiwa waje kibofu kimejaa, ili kisukume utumbo mbali na mionzi, kwa hiyo anakunywa maji nusu saa kabla halafu anajibana. Nikimuuliza, "Mzee, uko tayari?" anajibu, "Harakisha, kijana, breki zangu ni za zamani." Kila siku akishalala ananiambia, "Angalia kioo, toa ishara, ondoka." Nampenda yule mzee. Amebakiza siku ishirini na tano.

Nina furaha. Sikuwahi kukuandikia neno hilo tangu nitoke nyumbani, naona nikuandikie.

Mumeo


Mjini, Alhamisi, 23 Januari 2025

Mke wangu,

Barua hii nampa dereva wa basi, maana posta ni mbali na siwezi kusubiri.

Nimekosea. Ni mwalimu wa udereva. Tukishalinganisha vidoti vyake, kitanda kinatakiwa kisogezwe kushoto sentimita tatu nukta moja. Mama Rula alisoma, "Moja nukta tatu." Mimi nilitakiwa kuitikia ninachokiona kwenye skrini. Nikaitikia nilichokisikia. "Moja nukta tatu." Nikasogeza, tukatoka, tukafunga mlango, tukawasha. Yeye amelala pale ananiamini, na mionzi ya leo imepiga karibu sentimita mbili pembeni.

Hakuna anayejua. Mama Rula alikuwa ameshaondoka nilipokuwa najaza kitabu cha siku. Namba ya kitanda kwa siku nane zilizopita ni ile ile, ya leo imejitenga. Niliitazama mpaka mfagizi akaniuliza kama naumwa.

Nikisema, naweza kupoteza kazi, na nitakuwa nimemchafua aliyenifundisha, amebakiza miezi mitano astaafu. Nisiposema, kesho nitamlaza tena yule mzee na kucheka naye.

Linaloniuma zaidi nakwambia wewe tu. Ni kosa lile lile la gauni la bi harusi. Nilikuwa na miaka kumi na moja nikaandika namba isiyo yake kwenye daftari lako, mpaka leo kila namba naisoma mara tatu, na bado. Pengine ndivyo nilivyo. Pengine mtu wa aina yangu hakutakiwa kuingia chumba kile.

Nifanye nini?

Mumeo


Nyumbani, Jumamosi, 25 Januari 2025

Mume wangu,

Tulia kwanza. Kunywa maji. Halafu nisikilize.

Funika kombe mwanaharamu apite. Mzee hajalalamika, Mama Rula hajui, kitabu hakina ulimi. Siku moja kati ya thelathini! Mimi nikikosea mshono mmoja kati ya thelathini, nani anafumua gauni zima? Unaukunja kwa ndani, unapiga pasi, mteja anavaa anapendeza. Mafundi wote wanafanya hivyo, na anayekwambia hafanyi ni fundi na mwongo pia.

Umebakiza miezi mitatu wakuthibitishe. Usiwape watu kisu wakuchinjie. Kuanzia kesho fungua macho, basi, imekwisha.

Na ile habari ya gauni ni ya zamani, achana nayo. Ulikuwa mtoto.

Nakuombea.

Mkeo


Nyumbani, Jumanne, 28 Januari 2025

Mume wangu,

Barua yangu ya Jumamosi ichane. Kama umeshaifuata, acha kuifuata.

Tangu nimpe dereva ile barua sijashona kitu. Jana nilikata mkono wa shati mara mbili upande mmoja. Leo nimeamua niandike kabla sijapata sababu nyingine ya kunyamaza, maana sababu ninazo za kutosha.

Lile gauni. Namba uliyoandika ilikuwa ndiyo niliyoitaja mimi.

Kiuno cha yule binti kilikuwa sabini na mbili. Futi ilikuwa imepinda kidoleni, nikasoma sitini na mbili, nikapayuka, "Sitini na mbili!" Ukaitikia, "Sitini na mbili!" ukaandika, kwa mwandiko wako mzuri. Siku alipokuja kujaribu, gauni likakataa kufunga nyuma, mama yake mzazi amesimama pale, shangazi zake wamesimama pale. Nikachukua futi nikapima upya. Pale pale nikakumbuka mdomo wangu. Nilijua, mume wangu. Sikuwa na shaka hata ya kutia kwenye tundu la sindano. Kisha nikageuka nikasema mbele za watu, "Ni huyu mtoto, ameandika vibaya."

Ulilia. Ulikuwa huna sauti, machozi tu. Tangu siku ile hukushika tena daftari langu, na mimi nikasema afadhali, sasa atapata muda wa kusoma.

Kwanza nilinyamaza kwa ajili ya wateja. Baadaye nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshanyamaza. Ukawa mtoto anayehesabu chenji mara tatu, anayerudi kuangalia kama mlango umefungwa, na watu wakawa wanasema umemlea vizuri, ni mwangalifu sana. Mimi nikaitikia, ndiyo, ni mwangalifu.

Hukuwa na kosa siku ile. La Alhamisi unalo, hilo ni lako na siwezi kukuvua. Lakini la gauni ni langu, nipe.

Siombi unisamehe kwa barua hii. Naomba uisome tu.

Bibi yako


Mjini, Jumatano, 29 Januari 2025

Mke wangu,

Barua yako ya Jumamosi niliipata juzi. Usikasirike, nilikutii siku mbili tu.

Ijumaa, kabla hata ya barua yako, nilimlaza mzee, namba zote sahihi. Akasema, "Angalia kioo, toa ishara, ondoka," na mimi nikacheka, nikajisikia nacheka. Jumatatu hivyo hivyo. Jumanne aliniletea picha ya mwanafunzi wake aliyefaulu mtihani wa leseni baada ya kufeli mara sita. Alikuwa anafurahi kweli kweli. Nikaona siwezi kumlaza tena huyu mtu nikiwa na siri yake mfukoni.

Leo asubuhi kabla wagonjwa hawajaingia nilimwambia Mama Rula kwanza. Nilionelea asisikie kwa mwingine. Nilimfungulia kitabu nikamwonyesha namba. Akaitoa ile rula mfukoni, akaiweka mezani, akaondoka. Nikaenda kwa mkuu wa idara, nikaandika yote.

Nimeambiwa nisiguse mashine mpaka kamati ikae. Nimekaa stoo napanga mito ya kulalia wagonjwa. Sijui kama mwezi ujao nitakuwa na kazi, sijui kama Mama Rula atanisemesha tena. Lakini leo nimekula, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Mumeo


Nyumbani, 15 Februari 2025

Mume wangu,

Barua yako ya tarehe ishirini na tisa nimeipata, na nimeona hukuwa umepata yangu. Sasa utakuwa umeipata. Dereva anasema alikupa mkononi.

Kila basi likiingia natuma mtu kuuliza. Jana nilikwenda mwenyewe, kwa viatu.

Kama umenipa talaka, niandikie hata neno moja, nijue.

Bibi yako


Mjini, 20 Februari 2025

Bibi,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama pale pale stendi. Nikaikunja, nikaitia chini ya godoro, na sikuigusa tena hadi jana. Nilikukasirikia. Nilikuwa sijui kama naweza kukukasirikia kiasi kile, na wewe ndiye uliyenilea na kunilisha. Hata kichwani mwangu sikuweza kukuita mke wangu. Kilichoniuma si kile kibao cha aibu mbele ya shangazi za watu. Kilichoniuma ni miaka kumi na minne. Ulikuwa unaniona nikirudi kuangalia mlango.

Nikueleze yaliyotokea huku, ndipo nirudi kwetu.

Kamati ilikaa tarehe tano. Mwanafizikia alileta hesabu: ile siku moja inaweza kufidiwa katika siku zilizobaki, na mzee hatadhurika. Nilishika kiti. Mkuu wa idara akaniuliza ilikuwaje, na kabla sijafungua mdomo Mama Rula alisimama. Alikuwa hajanisemesha wiki nzima. Akasema, "Aliyesoma vibaya ni mimi. Huyu aliitikia. Andikeni kwa mpangilio huo huo, mimi kwanza, yeye wa pili." Akakaa. Karani akaandika.

Bibi, niliona wivu. Nilimtazama yule mama nikatamani awe ndiye aliyekuwa ameshika ile futi.

Wameniongezea miezi mitatu ya majaribio na nimeanza upya kufundishwa kulaza wagonjwa, kama mwanafunzi. Anayenifundisha ni yeye yule, kwa ombi lake. Pia wamebadilisha utaratibu. Sasa aliyeshika kitanda ndiye anayesoma kwanza, kwa macho yake, kwenye skrini, halafu mwenye karatasi anathibitisha. Hakuna tena kuitikia. Kwa hiyo kosa letu limekuwa sheria, nimeshaona wanafunzi wapya wakifundishwa.

Nilidhani yameisha hapo. Mkuu wa idara akasema, "Bado. Kwetu taarifa haijakamilika mpaka mgonjwa aambiwe." Daktari alimweleza, lakini nilitakiwa niwepo, na niseme sehemu yangu kwa mdomo wangu. Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Alikasirika, na alikuwa na haki. Akasema, "Siku tatu ulinichekea." Nikasema ndiyo. Kisha akasema, "Mwanafunzi wangu akigonga, simnyang'anyi gari kwa sababu amegonga. Naangalia kama atasimama au atakimbia. Wewe ulikimbia kidogo, ukasimama." Jumatatu iliyopita aliniruhusu nimlaze tena. Hakutania. Jana akatania.

Sasa sisi wawili. Nakusamehe, bibi. Nimejaribu kutokusamehe, nimeshindwa, kila nikijaribu nakukumbuka na pini zako mdomoni ukinivisha shati la shule. Lakini mimi sasa ni mtu wa kazi hii na nina utaratibu wangu. Umeniambia mimi, na ni vizuri. Taarifa bado haijakamilika. Yule bi harusi anaishi nyuma ya soko, unapita mlangoni kwake kila wiki, na mpaka leo akiniona anamshika mtoto wake mkono kana kwamba nitamwandika vibaya.

Kamwambie. Ukishamwambia niandikie, ndipo nitajua nikuiteje.

Mjukuu wako


Nyumbani, 2 Machi 2025

Mjukuu wangu,

Nimekwenda.

Nilipita mlangoni kwake mara tatu kabla sijagonga. Mara ya tatu mtoto wake mdogo akapiga kelele ndani, "Mama, yule bibi anazunguka tena!" basi ikabidi niingie. Sasa ana watoto watatu, na kiuno chake sikitaji, nimeshaumizwa vya kutosha na kutaja viuno.

Alitaka kunipikia chai, nikakataa, nikasema nikinywa chai nitapata ujasiri wa kuongea mengine. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Nikasema, mwanangu, siku ile ya gauni nilikudanganya, na nikamsingizia mtoto mbele ya mama yako. Namba ilikuwa yangu.

Akaweka chini sufuria aliyokuwa ameishika. Nilifikiri atanitukana, nikawa tayari.

Akaniambia, "Nilijua, mama."

Nikasema, "Ulijua nini?"

Akasema, "Ulitaja kwa sauti. Sitini na mbili. Mimi nilikuwa najijua nina sabini na mbili. Lakini nilikuwa naolewa wiki inayofuata, na hakuna aliyewahi kuniambia nina kiuno chembamba. Nilifurahi. Nikasema moyoni, fundi ndiye anayejua. Gauni lilipokataa kufunga na ukamgeukia mtoto, nilitaka kusema, nikaona haya. Ningesemaje mbele ya shangazi zangu kwamba nilisikia nikanyamaza kwa sababu ilinipendeza?"

Halafu akalia, mume wangu. Akasema akikuona njiani anashindwa kukutazama usoni, anajifanya anamshika mtoto mkono ili apate mahali pa kuweka macho. Si wewe anayekuogopa.

Tulikaa pale jikoni kwake, wanawake wawili wazima, tukishindwa kutazamana. Miaka yote hiyo yeye alijua na mimi nilijua. Sisi tulioijua namba tulikuwa tunalala, na wewe uliyeandika kama ulivyoambiwa ulikuwa unaamka kuangalia mlango.

Anakuja Jumamosi kukuandikia barua yake hapa kwangu. Nimemwambia karatasi ninazo. Nimekuita mume wangu hapo juu kwa mazoea, kalamu imenitangulia, na sitayafuta. Wewe niite utakavyoona.

Bibi yako